Ziada

Kumgeuza Delfino kitandani kulitaka watu wawili, na asubuhi hiyo Eufemia alikuwa peke yake. Alipenyeza mkono chini ya bega la mumewe, akaweka goti ukingoni mwa godoro, akavuta. Kiuno kikamlia. Upande wa kulia wa mzee ulikufa miaka minne nyuma, alipoanguka katikati ya shamba la viazi, na upande uliobaki haukuwa na nguvu za maana.

"Si umngoje Rosalba," Delfino alisema.

"Rosalba anakuja saa tatu, na mgeni anakuja saa tatu. Unataka akukute umelowa?"

Rosalba ndiye aliyemhudumia mzee kwa muda wa saa sita kila siku kwa malipo ya serikali ya jimbo, Eufemia akiwa kiwandani anachambua viazi. Bila Rosalba hakuna kiwanda, na bila kiwanda hakuna nyumba. Mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi, anakuja kuamua kama Rosalba aendelee.

Sasa, watu wa bonde la San Luis wana lao. Kwao mgeni hamkuti mtu amejilaza, hata awe mahututi. Eufemia alimwosha mumewe, akamnyoa ndevu, akamvika shati jeupe la misa, akamkokota mpaka mezani na kumwegemeza kwa mito miwili. Akateleka kahawa, akapasha maharage kwa pilipili ya kijani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Laiti angemwacha pale pale kitandani na harufu yake.

Mkaguzi, Bi Haugen, mwanamke wa miaka kama thelathini, alitangulia kufika kabla ya Rosalba, akafungua kompyuta kando ya sahani.

"Bwana Archuleta, unaweza kula mwenyewe?"

"Kahawa kwanza, mwanangu," Delfino alijibu. Na kwa kuwa mgeni haachwi anywe peke yake, akanyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Kilitetemeka njia nzima, lakini kilifika mdomoni. Bi Haugen akabonyeza kitufe.

"Na kukaa?"

"Si unaniona nimekaa."

"Nimemwegemeza," Eufemia akadakia. "Ukitoa mto mmoja tu, anakwenda chini."

"Mimi naandika ninachokiona, mama."

"Basi rudi kesho, uje bila kutuambia."

"Nina nyumba arobaini wiki hii."

Delfino alimkata mkewe jicho: usiniaibishe mbele za watu. Eufemia akanyamaza, na kunyamaza huko alikuja kukujutia kuliko kitu chochote maishani mwake.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Saa sita kwa siku zilikuwa zimegeuka saa nne kwa wiki. Eufemia alipiga simu siku mbili mfululizo mpaka akampata Bi Haugen.

"Kwani jimbo limefilisika, mwanangu?"

"Hapana. Mwaka huu kodi zimeingia nyingi mno."

"Sasa mbona mnatukata?"

"Katiba imeweka kikomo, mama. Makusanyo yakipita hapo, kilichozidi hatukigusi, hata wagonjwa wawe wengi namna gani. Kinarudishwa kwa wananchi. Gharama zinapanda, kikomo kinasogea kidogo kidogo. Tumeambiwa tupunguze watu."

"Nani kaamua hivyo?"

"Wapiga kura. Novemba waliulizwa kama jimbo libaki na ziada. Wakakataa."

Eufemia alivuta kiti akakaa. Karatasi ile ya kura waliijazia mezani hapo, yeye na mumewe. Alitia alama yake kwenye hapana, kisha akaushika mkono wa Delfino nao ukatia yake, na mzee akacheka: "Wakubwa wa serikali kule Denva wamezoea kula. Safari hii watatapika."

"Naweza kukata rufaa?"

"Unaweza. Inachukua kama miezi mitano."

"Na kwa hiyo miezi mitano?"

"Kuna nyumba ya wazee kule Pueblo."

Nduguye Delfino alipelekwa huko majira ya mavuno, akarudi ndani ya sanduku kabla theluji haijayeyuka. Eufemia alikata simu bila kuaga.

Rosalba alilia kidogo, akaenda kufua mashuka hotelini, naye ana watoto. Msimamizi wa kiwanda akampa Eufemia mpaka Jumatatu: aje kazini au asirudi tena.

Ijumaa ikaja hundi. Dola mia tatu na kumi na mbili, na barua fupi yenye muhuri wa jimbo: hizi ni pesa zako, tunakurudishia. Alitaka kuichana vipande vipande, lakini jeuri hiyo ni ya mwenye nacho. Akaenda kuibadilisha, akapita duka la vifaa vya ujenzi na kununua mkanda wa kufungia mizigo, mpana kama kiganja, wa dola kumi na nane.

Jumatatu alimketisha Delfino karibu na dirisha, akamwekea maji yenye mrija na mkate uliokatwa vipande. Akaupitisha mkanda kifuani mwake, akauzungusha nyuma ya kiti, akauingiza kwenye kifungio. Hawakuangaliana.

"Unakuumiza?"

"Hauniumizi. Kaza, Femia," mzee alisema. "Nikianguka saa tatu, utanikuta sakafuni saa tisa."

Akakaza. Akamfuta udenda, akachukua aproni yake ya kiwandani, akatoka na kufunga mlango kwa nje.