Bawaba ya Bi Barke

Watu wa Jomvu Kuu wanajua kwamba mzee Badi akikusimulia jambo, nusu yake utie mfukoni na nusu uwaachie kuku. Aliwahi kuapa kwamba zama zake za kazi ya reli, pale Changamwe, alisimamisha treni ya mizigo kwa kukohoa tu. Lakini habari ya bawaba ya mlango wake wa uani haina chumvi, na kama inayo, ni ile ya kuifanya ilike.

Bawaba hiyo ililia. Haikulia kama za watu wengine, nyii moja ikakoma. Yake ilianzia chini kama paka aliyekanyagwa mkia kwa bahati mbaya, ikapanda polepole, ikafika mahali ikakaa kana kwamba inavuta pumzi, kisha ikamalizia. Mwaka walipohamia nyumba hiyo, Badi alileta kopo la grisi ya reli amalize kelele. Mkewe, Bi Barke, alimpokonya kopo mkononi akalificha, na hata leo halijaonekana.

"Mlango usiosema una faida gani?" alimwambia. "Niache na mlango wangu."

Na kweli ulikuwa wake. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni na wanaume. Wa uani ndio uliokuwa na maisha. Kanze, jirani wa ua wa pili, aliusukuma kwa bega kwa sababu mikononi ana sahani, basi bawaba ilitoa ukelele mmoja wa haraka. Badi mwenyewe alikohoa kwanza, kama inavyompasa mwanamume kabla hajaingia wanapokaa wanawake, ndipo bawaba ikafuata. Na binti yao Nadira, aliyekuwa na tabia ya kuchelewa kurudi madrasa, aliufungua nusu, akasimama, akasikiliza, kisha akafungua nusu ya pili. Maskini ya Mungu, alidhani anajificha, kumbe anajitangaza mara mbili. Barke hata hakuinua kichwa kwenye kinu. "Madrasa mmetoka saa ngapi, Nadira?"

Hata mwizi aliwahi kunaswa na bawaba ile. Hii ndiyo hadithi aipendayo Badi kuliko zote. Ilikuwa mchana wa jua kali, watu wamejilaza. Mwizi akausukuma mlango taratibu, nayo bawaba ikalia taratibu, tena kwa urefu, hata majogoo wa ng'ambo ya mkono wa bahari wakadhani kumekucha. Yule mtu akaona haya. Akiwa kasimama na mguu mmoja ndani, akasema, "Hodi." Barke, kwa mazoea, akajibu, "Karibu." Basi ikawa hana budi kukaribia, akaandaliwa chai na mahamri, akala, akashukuru, akaenda zake. Badi huongeza kwamba mwizi huyo sasa ni imamu mahali fulani, ila hapo ndipo wasikilizaji huanza kuvaa viatu.

Barke alifariki mvua za mwaka juzi. Mlango haukunyamaza. Kanze aliendelea kuleta sahani, leo mihogo ya nazi, kesho mchicha na sima. Kwa desturi ya nyumba mbili hizo, sahani hairudishwi tupu. Badi, ambaye kupika kwake hakukupita kuchemsha maji, aliirudisha na ndimu za mti wake, au tende alizoletewa, na siku asipokuwa na kitu alisema, "Leo chukua hadithi, Kanze. Sina kingine."

"Hadithi zako zinaharibika upesi kuliko mchicha, shemegi," Kanze alimjibu. Lakini aliketi akasikiliza.

Kisha nyumba moja upande wa msikitini ikavunjwa mchana kweupe, na huyo mwizi hakupiga hodi. Habari zikamfikia Nadira huko Nairobi aliko na mumewe. Alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata shauri.

"Baba, chagua moja. Uwekewe ulinzi wa kisasa, king'ora na watu wa kukuangalia usiku na mchana, usaini mkataba wiki hii. Au nije nikuchukue, nyumba ifungwe."

"Nifungiwe Nairobi kwenye baridi kama maziwa?"

"Siwezi kulala, baba. Milango yote miwili, madirisha yote. Sitaki nusu nusu."

Badi alijua binti huyu kamrithi mamake, akisema neno halirudi. Akakubali. Ila moyoni alitaka jambo moja: mlango wa uani ubaki kama Barke alivyouacha. Hakulisema kwa Nadira, maana angelisemaje? Mtu mzima hawezi kumwambia mwanawe kwamba kuna saa za alasiri ambapo bawaba ikilia, kwa kitambo cha kupepesa jicho, mamake bado yuko jikoni.

Mtu wa kampuni alikuja Jumatano. Jina lake Mutua, kijana wa bara mwenye adabu, begi limejaa vidude vyeupe kama vipande vya sabuni. Alieleza kwamba kuna namna mbili. Ya kwanza ni king'ora peke yake. Mlango ukifunguliwa, kinalia.

"Halafu?" Badi akauliza.

"Halafu baada ya muda kinanyamaza, mzee."

"Kwa hiyo ni mtoto mchanga."

Ya pili, aliyoitaka Nadira, king'ora kimeunganishwa na kituo chao. Kikilia, mtu kituoni anapiga simu papo hapo na kuuliza neno la siri. Ukilisema, mambo yamekwisha. Usipolisema, gari la walinzi linatoka. Tena kuna kitufe kidogo cha mkononi cha kuitia watu. Mkataba ni wa miaka mitatu, na ndani yake wao ndio wanaobadilisha betri na kutengeneza kitakachoharibika.

"Umeme ukikatika?"

"Kuna betri."

"Betri ikifa?"

"Tunakuja kubadilisha."

"Nanyi mkifa?"

Mutua alikuna kichwa. "Hilo halimo kwenye mkataba, mzee."

"Basi liandikeni. Gari hilo hulala wapi?"

"Mtopanga, kwa sasa."

Badi alimtazama kwa huruma. Kutoka Mtopanga mpaka Jomvu Kuu ni kuvuka kisiwa kizima na foleni zake. Alitaka kusema kwamba mwizi atapata nafasi ya kuiba, kuuza, na kurudi kuchukua kilichobaki. Lakini alikumbuka baridi ya Nairobi, akamwacha kijana afanye kazi. Walikubaliana aweke vifaa vyote kwa majaribio, na saini ifuate mwisho wa wiki. Kwa neno la siri Badi alichagua "kaimati", kwa sababu mwizi, alivyosema, hataamini kwamba nyumba inalindwa na kidonge cha unga na shira.

Aliporudi kutoka sala ya adhuhuri, vidude vyote vilikuwa vimepachikwa, na Mutua yuko mbele ya nyumba akikunja nyaya zake. Badi alijilaza kwenye kochi la sebule. Upepo wa bahari uliingia dirishani, na alikuwa karibu kupotelea usingizini pale nyumba ilipopiga ukemi.

Watu wakadhani meli imepotea njia ikaingia mtaani. Mbuzi walikata kamba. Badi alikimbilia uani, akamkuta Kanze kasimama kizingitini, sahani ya mihogo mikononi, haijamwagika hata tone la tui.

"Shemegi, ni nyumba yako hiyo au ni miye?" aliuliza Kanze kwa sauti ya juu.

Lakini Badi hakuwa akimtazama. Alikuwa akiutazama mlango, umefunguka wazi. Umefunguka, na hakusikia bawaba. Mtaa mzima ulisikia king'ora, yeye alisikia kimya kile. Akagusa bawaba kwa kidole. Kidole kikarudi kinang'aa mafuta.

Simu ikaita.

"Hujambo, mzee. Naitwa Linda, napiga kutoka kituo cha ulinzi. Naomba neno lako la siri."

Badi alilijua neno. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alilelewa Jomvu Kuu, na mtu wa Jomvu Kuu hatoi jibu la jambo lolote kabla hajajuliana hali na anayemuuliza. Na siku hiyo, pamoja na kidole chenye mafuta, ulimi ulijiendea wenyewe njia unayoijua.

"Sijambo, mwanangu. Weye u hali gani?"

"Salama, mzee. Neno la siri tafadhali."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, lile neno..."

"Alhamdulillahi. Nyumbani ni wapi?"

Upande wa pili alikuwako mtu aliyefunzwa kazi moja na kulelewa namna nyingine. "Kaloleni," akasema Linda.

"Kaloleni kwa nani?"

"Kwa mzee Nguma."

"Nguma wa reli? Mwenye pengo?"

"Huyo ni babu yangu," Linda akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaimati."

"Umechelewa, babu," Linda akasema kwa huzuni. "Mashine imeshatuma gari."

Gari lilifika wakati mihogo imekwisha na Badi na Kanze wanakunywa chai. Lilishindwa na vichochoro, likaachwa karibu na msikiti, na walinzi wakaja mbio kwa miguu, kofia za chuma kichwani, nusu ya mtaa nyuma yao kutazama. Waliingia na mabuti hadi uani bila neno.

Kanze aliweka kikombe chini. "Hata mwizi wa Barke alipiga hodi," akasema.

Wale walinzi walitazamana. Mmoja, ambaye kwa lafudhi alikuwa mtoto wa huku huku, alitoka nje, akasimama, akasema, "Hodi hapa." Akakaribishwa. Chai ikaongezwa maji.

Mutua naye alikuja, uso umemshuka. Badi alimwonyesha bawaba.

"Ulitia mafuta?"

"Ndiyo, mzee. Mlango ulikuwa unakwama. Lazima ufunge sawasawa ndipo kile kidude kijue umefungwa. Nilitaka kukusaidia." Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Hakukuwa na mtu wa kugombezwa.

Jioni hiyo Nadira alipiga simu. Simu yake, iliyounganishwa na kituo, ilikwisha mwambia kila kitu kutoka mbali: mlango wa uani, saa, gari kutumwa.

"Baba, nani aliingia?"

"Kanze."

"Kanze tu?"

"Na mihogo."

Nadira alivuta pumzi. "Sawa. Afadhali. Lakini umeona kwamba kinafanya kazi. Saini, baba. Kanze atazoea mlango wa mbele, apige kengele."

Badi angeweza kubishana. Alikuwa na hadithi za kutosha kubishana mpaka salio liishe. Badala yake alikwenda uani, akamwambia, "Sikiliza kidogo," akaisogeza simu kwenye bawaba, akaufungua mlango wote, akaufunga, akaufungua tena.

"Sisikii kitu, baba."

"Na miye pia."

Badi akaufunga mlango, akaufungua mara ya tatu.

"Mumeitia mafuta," Nadira akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyesimama nje na msahafu kifuani. "Baba. Mama angemfukuza huyo fundi na mwiko."

"Angemfukuza. Kisha angempakulia wali."

Nadira alicheka, kisha akawa hacheki. Badi alimwacha. Aliisikia Nairobi ikipita nyuma yake, magari na honi.

"Unataka nini, baba? Sema tu."

"Mbele wafunge watakavyo. Madirisha nayo. Kitufe cha kuitia watu nitakitundika shingoni kama hirizi. Huku nyuma watoe kidude chao. Na wakitaka kupiga simu, kabla ya hilo gari la Mtopanga, wampigie Kanze. Alifika leo kabla ya king'ora kumaliza kupaza sauti."

"Mwizi akipita nyuma?"

"Atapita uani kwa Kanze kwanza. Mwombee yeye."

Mutua alirudi Ijumaa na mkataba. Alisoma kwa uaminifu kwamba chochote kitakachoingia kwa mlango usio na kidude kampuni haitakijibu. Badi akasema vitu vyote vilivyowahi kuingia kwa mlango huo alivijibu Barke, na sasa atavijibu yeye. Jina la Kanze likaandikwa mahali pa jirani wa kuitwa kwanza, naye akadai asomewe mara mbili, kwa kuwa ni cheo. Badi akasaini.

Walipoinua vichwa, Kanze alikuwa ameshatoka. Alirudi na ndoo ya maji ya mkono wa bahari, akachukua kata, akaanza kuimwagia bawaba. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayemwagilia miche.

"Mama, hiyo itashika kutu," Mutua akasema.

"Inshallah," Badi akamjibu.

Ilichukua muda. Mafuta ya Mutua yalikuwa mazuri, wallahi, ya watu wanaojua kazi. Kanze aliimwagia kila alipoleta sahani, na Badi aliimwagia pale Kanze aliposahau, huku akiwaambia wapita njia kwamba ameotesha mlango. Bawaba ikaanza kugeuka rangi. Siku moja ikatoa mkwaruzo, siku nyingine ikakohoa. Linda naye alikuwa akipiga simu mara moja moja, king'ora kisipolia, kumsalimu na kuuliza kama kaimati bado ni kaimati.

Kisha, alasiri moja ya kaskazi, Badi alikuwa kwenye kochi lake, macho kayafumba. Mlango wa uani ukafunguka. Nyii ikapanda kutoka chini, nyembamba, imepauka, lakini ni ile ile. Akasema moyoni, Kanze kawahi leo. Ila haikuwa ya bega. Ilifika nusu, ikakoma. Uani kukawa kimya, kama mtu kasimama anasikiliza kama wenye nyumba wameamka. Kisha nusu ya pili ikaja.

Badi hakufumbua macho.

"Madrasa mmetoka saa ngapi, Nadira?"

Begi la safari likatuliwa sakafuni.