Nyayo Zisizoingia kwa Kokubanza

Alasiri moja huko Igurwa, Bi Mwaja alikuwa barazani akipepeta ulezi, nyayo zilipoingia uani. Zilikuwa nyayo tu, za mtu mzima, vidole vimetawanyika kwa funza, mwenyewe hayumo. Zilijichapa vumbini kwa kuchechemea hadi penye mtungi. Bi Mwaja akaweka ungo chini, akazimwagia maji, zikatulia.

"Mguu wa kushoto kisigino kimekwisha," alisema. "Atakuwa yule aliyebeba pembe wakati wa masika."

Zilianza kuja mwaka ule misafara ilipoleta funza, ng'ombe wa Karagwe wakiwa wamekwisha kwa sotoka. Mpagazi asiyeweza tena kutembea huachwa njiani. Nyayo zake ndizo zinazofika. Othman, mume wa Bi Mwaja na mwenye misafara hiyo, alizipisha mlangoni kwa adabu, kisha akaendelea kufunga mizigo.

Kokubanza, jirani wa Bi Mwaja, alikuwa amekuja na binti yake Kemilembe mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kuchota maji. Siku hizi alitambaa kwa magoti. Bi Mwaja alimtoa funza, kama alivyomtoa mwezi uliopita na ule wa kabla yake: aliuzungusha mwiba taratibu pembeni mwa kifuko cheupe mpaka kikatoka kizima, maana kikipasukia ndani kidonda huoza. Akakitupa motoni. Mwiba nao akautupa, kwani kila mguu na mwiba wake.

"Nimekwambia uyaondoe yale majani, Mama Kemilembe."

"Niyaondoe? Mgeni akae juu ya udongo kama kuku? Nyie watu wa pwani mna mambo!"

"Kuku wangu hawana funza."

"Kuku wako hawana wageni!"

Wakacheka wote wawili. Mtoto hakucheka.

Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, nyumba yenye heshima hutandikwa majani sakafuni, na mgeni akija hutandikiwa mabichi juu ya yale makavu. Nyumba ya Kokubanza ilikuwa na heshima nyingi. Majani yalikuwa yamefika karibu na kifundo cha mguu.

Kokubanza alipoondoka, nyayo zikamfuata, na Bi Mwaja akazifuata nyayo. Zikapita kibanjani katikati ya migomba, zikazunguka shimo la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, zikafika kizingitini. Hapo zikasimama. Zikarudi nyuma, zikasogea, zikasimama tena, vidole vimejikunja.

"Karibu ndani," alisema Kokubanza, maana mgeni ni mgeni.

Hazikuingia.

Kokubanza alizitazama sana. Tangu enzi za bibi yake hakuna mgeni aliyeyakataa majani ya nyumba ile. Akamtua mtoto, akainama, akafunua tabaka la juu, lililonukia vizuri. Akafunua la pili. Chini kabisa palikuwa na vumbi kavu lenye joto, na vumbi lile lilirukaruka.

"Mama yangu we," alisema. "Kumbe ndimo ninamomlaza mwanangu."

Wakayachoma siku hiyo hiyo. Wakamwagia sakafu maji mpaka vumbi likalala, wakaisiriba kwa majivu na samadi waliyoiomba kwa jirani aliyebakiwa na ng'ombe. Ikakauka ikawa laini kama mgongo wa kibuyu. Nyayo zikaingia, zikakaa karibu na moto. Tangu hapo majani yalitandikwa mgeni akifika, na akiondoka yanaondoka.

Majirani walikuja kuangalia, wakarudi kwao kujaribu. Wanawake wakikutana njia ya kisimani walimaliza kusalimiana, kisha wakaulizana, "Kwako zimeingia?" Aliyejibu hapana alikwenda kufagia.

Kabla mtama haujakomaa, Kemilembe alisimama kwa kushika mgomba, kisha akauachia.

Bi Mwaja akamwambia mumewe wapagazi nao wavishwe ngozi miguuni, na jioni wakaguliwe vidole. Othman akasikiliza vizuri, akasema safari haingoji miguu, na msafara ukatoka asubuhi, pekupeku, kuelekea Kanoni. Habari ikarudi mchana kwamba kuna aliyeachwa kilimani.

Wanawake hawakungoja nyayo zake. Walichukua machela, Kemilembe akabeba kibuyu cha maji, wakamkuta kijana ameegemea jiwe.

"Mmechelewa," aliwaambia. "Mzigo wameshauchukua."

"Tumekufuata wewe," alisema Kokubanza, akichagua mwiba. "Inua mguu tuone."