Dira Iliyouliza Kuna Nani Mkononi

Dira yangu ya kuzamia imeanza kunidanganya. Jumatatu ilinitoa mita mia mbili mbali na boti, nikiwa na wageni wanne. Nilimwambia meneja kwamba Shaweji, mzamiaji mwenzangu, ndiye aliyeiangusha. Shaweji akasimamishwa kazi siku tatu. Nimelala na hilo, na ndoto iliyonijia jana usiku naiandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa dukani kununua dira nyingine. Muuzaji alikuwa chewa, samaki wa kilo themanini, amevaa miwani. Dira zilikaa kwenye benchi kama wagonjwa wa zahanati, nami nikaambiwa nisimame zinikague.

Nikanyoosha mkono kwa dira kubwa inayong'aa.

"Mimi niache, baba," ikasema. "Nimetengenezewa bahari za kaskazini. Huku kwenu sindano yangu inainama na kukwama."

"Kwa hiyo hufai?"

"Nafaa kwetu."

Duka lisilotaka kuuza lina jambo. Nikamkazia macho chewa. Naye akanikazia. Samaki hapepesi, akashinda.

Dira ndogo ikarukia kiganja changu. "Mimi wa huku. Nifunge kwa mpira, siyo kwa mkanda. Ukishuka, suti inabanwa na maji, mkanda unalegea. Mpira unajikaza wenyewe. Nilaze sawa ukinisoma. Na usiniweke karibu na chuma wala sumaku."

"Hayo nayajua. Nimezamia miaka ishirini na mbili."

"Basi nilaze sawa."

Nikainamisha mkono kidogo tu. Duka nalo likainama. Rafu, benchi na chewa vikamwagikia baharini.

Sasa tuko mita kumi na nane. Maji yamechafuka, hata mapezi yangu siyaoni. Dira iko mkono wa kushoto, wageni wanne wako nyuma yangu. Sindano inazunguka, inasimama, inanielekea mimi.

"Kaskazini ni wapi?"

"Kaskazini ni wewe."

Nageuka. Nayo inageuka nami. Wageni wananizunguka na kunipiga picha.

"Una mwingine," dira inasema.

"Mwingine nani?"

"Usinifanye mtoto. Mkono huu huu, chini ya suti."

"Hakuna kitu."

Chini ya suti kitu kinakohoa. Ni bangili ya sumaku ya kushusha presha, aliyoniletea mke wangu Mwanaharusi kutoka mjini mwezi uliopita. Meneja hajui kwamba nina presha. Akijua, sizamii.

"Shikamoo, bibie," bangili inaiambia dira.

"Salamu yako kaa nayo. Na hao wageni uwatoe wewe."

Mgeni mmoja ananionyesha geji yake ya hewa. Imebaki bar thelathini, hewa ya dakika chache tu. Anavua miwani ya kuzamia, na uso ni wa Shaweji.

"Shikamoo, kaka," anasema. "Na hii nayo nimeiangusha mimi?"

Nachungulia kushoto, nachungulia kulia, natafuta wa kumsingizia. Chewa anatoka kwenye tope, bado ana miwani yake. Anaing'ata bangili, anavuta.

Nikaamka. Mwanaharusi alikuwa amenishika mkono.

"Baba Tatu, unagombana na nani?"

"Na dira."

"Basi mpe haki yake, tulale."

Nikaitoa dira mkobani, nikaiweka mezani. Nikapitisha mkono wa kushoto kulia kwake, sindano ikaja kulia. Nikaupitisha kushoto, ikaja kushoto. Nikaivua bangili niitazame. Ilikuwa na alama za meno, safu mbili, madogo na ya karibu karibu. Meno ya mtu hayakai hivyo.

Asubuhi nilimweleza meneja yote, presha na Jumatatu.

Imenigharimu bangili moja, ambayo Mwanaharusi ameichukua. Wiki sita bila kuzamia, mpaka daktari aseme. Siku tatu za Shaweji, ambazo sina namna ya kumrudishia. Na shikamoo yake, aliyonipa kila asubuhi kwa miaka tisa. Leo amechukua dira, akaifunga mkononi mwake kwa mpira, akapanda boti. Shikamoo hakunipa.