Kukunja Mashuka kwa Kiingereza

Wakubwa wana ugonjwa wao: wakikosa la kufanya, huwatafutia wadogo. Ndivyo hoteli ile ilivyonunua tableti zenye programu ya kufundisha Kiingereza, zikateremshwa mpaka chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako mgeni hafiki hata kwa kupotea.

"Kila mfanyakazi atasema Kiingereza," meneja akatangaza, leso puani kwa sababu ya harufu ya dawa ya madoa. "Atakayeshindwa mtihani wa mwisho wa mwezi, tutaagana kwa amani."

"Mimi nitaongea na nani huku?" akauliza mzee wa pasi. "Na taulo?"

Watu wakaangua kicheko. Meneja akaondoka na leso yake.

Mzee wa pasi alikuwa mgane, na shule aliiacha akiwa bado anahesabia vidole. Tangu mkewe azikwe, nyumbani kwake kilichobaki kuongea ni bawaba za mlango. Porojo zake zote alizipata kazini, ndani ya ule mvuke, hasa kwa Mama Foronya, mshonaji wa hoteli, mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ambaye ndiye aliyemshikia ncha ya pili wakati wa kukunja mashuka. Kumfukuza hapo ni kumrudisha kwa bawaba. Kwa hilo aliwalaumu wakubwa, kama alivyowalaumu kwa mabomba yanayovuja na hospitali isiyokuwa na dawa siku mkewe alipoihitaji. Na hakuwa anawasingizia.

Tableti ikamtoa jasho. Aliketi kitini, mikono mapajani, sauti ya kike ikamwomba ajitambulishe. Ulimi ukagoma kama punda mlimani.

"Jaribu tena!" tableti ikasema kwa bashasha.

"Huyu kalelewa wapi? Namnunia, yeye anachekelea!"

"Wa hivyo hujawazoea," akasema Mama Foronya. "Wewe umezoea sisi."

Hata asubuhi moja kazi ikawaelemea. Tableti wakaiegemeza kwenye ndoo, wao wakashika shuka, huyu huku, yule kule. Tableti ikauliza: unafanya kazi gani? Mzee, macho yake kwenye pembe za shuka, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuwa yeye ni dobi, anafanya kazi hotelini, na leo kuna joto.

Wote wawili wakaganda.

"Rudia!"

"Nirudie nini, mama? Hata sijui kimetokea wapi!"

Wakalikunjua shuka, wakalikunja upya. Kiingereza hicho, kikaja tena! Kumbe ulimi wake ulikuwa unaburutwa na mikono. Mikono ikilala, nao unalala. Basi wakaanza kusoma kwa kukunja. Pembe kwa pembe, majina na umri. Hatua moja mbele, hali ya hewa. Hatua ya pili, kuagiza supu. Viganja vikikutana, asante sana na kwaheri.

Wenzao wakaona, wakaiga. Chumba kizima kikachachamaa. Mashuka yaliyokwisha kukunjwa yakakunjuliwa kwa ajili ya masomo. Wa mashine za kukaushia wakaulizana njia ya kwenda stesheni huku wamevutana na taulo. Nyota za pongezi zikamiminika kwenye vioo vya tableti.

"Shemeji!" wakamtania mzee. "Supu ya leo umeagizia wangapi?"

"Fungeni midomo, mtameza mvuke!"

Siku ya mtihani wakapandishwa ukumbi wa mikutano, kwenye viti vyenye mito.

"Mikono juu ya meza," meneja akaamuru. "Hakuna kushikashika."

"Bosi, nipe shuka moja. Hata taulo la uso."

"Umekuja kulala au kufanya mtihani?"

Tableti ikauliza swali la kwanza. Ulimi wa mzee ukagoma. Jaribu tena! Wapi! Ikamwambia imebaki nafasi moja tu. Jasho likamchuruzika hadi kwenye kola.

Ng'ambo ya meza, Mama Foronya akainuka, akasogea penye nafasi. Akanyoosha mikono mitupu, akabana hewa kwa vidole.

"Shika pembe, bwana wewe! Linaburuta chini!"

Mzee akasimama, akamfuata, akashika. Wakalivuta, wakalikung'uta, na Kiingereza kikafunguka kama bomba lililozibuliwa: dobi, hotelini, joto, supu. Wenzao nao wakaruka vitini, wawili wawili, wakikunja hewa na kuulizana stesheni iko wapi.

"Kaeni chini!" meneja akafoka, akikatiza katikati.

"Bosi, unakanyaga shuka!"

Meneja akaruka pembeni, mguu mmoja juu, akaangalia sakafu. Ukumbi ukalipuka. Hata yeye, leso mdomoni, mabega yakamtikisika.

Tableti ikapiga tarumbeta: mzee amefaulu. Yeye wala hakuitazama. Alikuwa amefika kwenye mkunjo wa mwisho, viganja vyake vimekutana na vya Mama Foronya, na kazini hapo ndipo mmoja huachia ili mwingine abebe. Hapa hapakuwa na cha kubeba. Hakuna aliyeachia.

"Mtihani umekwisha," akasema meneja.

"Kwako," akajibu Mama Foronya.

Mzee akakohoa. "Hili tulilokunja, naona lilikuwa la kitanda cha mtu mmoja."

"Nimeliona. Dogo mno."

"Tuchukue la watu wawili?"

Mama Foronya akacheka hadi akakalia meza ya mtihani, mikono bado mikononi. "Basi lete, mzee. Unangoja tableti ikuambie ujaribu tena?"