Wanzagi Alipopima Peke Yake

Josho la kijiji kile, karibu na Butiama, halikuwa na bosi. Mmoja alipima maji, mwingine dawa, wa tatu aliandika daftarini, na wasipokubaliana hakuna ng'ombe aliyetumbukia. Miaka sita hakufa hata ndama mmoja.

Ndipo Wanzagi, mwenyekiti wa jina tu, akapelekwa semina ya uongozi Musoma. Siku tatu za soda na maandazi zikamharibu mtu mzima. Akarudi kichwa kimevimba, eti kiongozi ndiye mwenye maamuzi. Jumamosi akaleta dawa mpya kutoka Bunda. Yuliana, mpimaji wa dawa, akamsogelea na kikombe chake kama kawaida.

"Kaa pembeni, mama. Kubishanabishana ndiko kunatucheleweshaga."

Akamimina kwa kukadiria.

Kufika jioni ng'ombe tisa walikuwa chini, mapovu mdomoni. Mmoja alikuwa wa Yuliana, mjane, na hakuwa na mwingine. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakisomesha wanawe.

Jumatatu bwana mifugo akaitisha kikao palepale joshoni. Hakuuliza dawa ilichanganywaje.

"Tatizo lenu ni uongozi dhaifu," alisema. "Chagueni mwenyekiti imara, mumpe mamlaka yote."

"Yuliana," watu wakadakia. "Mama huyu haogopi mtu."

Kilemba cha ukoka hicho, na Yuliana alikijua. Alisimama kwa hasira.

"Imara? Aliyeniulia ng'ombe alikuwa imara. Tulikuwaga watatu, tulibishanaga, na ng'ombe walipona. Leo mnanipa yote mimi ili nyinyi mkalale. Nikikosea, mtasema ni Yuliana."

Wanzagi alikuwa ameinamisha kichwa, na wachache wakamcheka. Hilo likamuudhi Yuliana zaidi.

"Msimcheke. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilimwona anamimina bila kupima, nikanyamaza, nikamswaga ng'ombe wangu mwenyewe aingie. Nani mwingine aliona?"

Kisha Nyamburi, mwandishi wa daftari, akanyoosha mkono. Akafuata Silasi, mpima maji. Mmoja mmoja wakaendelea, mpaka waliokuwa wameegemea ukuta kule nyuma.

Yuliana akawahesabu. Watu ishirini na saba waliona, na ng'ombe wake amekufa.