Dirisha Lisilosema

Programu ya kuandikisha wagonjwa ilikataa kufunguka mbele ya watu. Kajuju alikuwa amesimama mbele ya wauguzi wa zahanati ndogo karibu na Kianjai, na kitu kilichofanya kazi vizuri asubuhi hiyo ofisini Meru sasa kimegoma kabisa. Muuguzi mkuu alimletea chai akamwambia kwa upole kwamba wangengoja. Upole huo ulimuuma kuliko lawama.

Sababu haikuwa ngumu kuipata. Watu watatu waliijenga programu hiyo kwenye kompyuta tatu zisizofanana. Kajuju na Abdiweli walikaa Meru, katika chumba cha ghorofani kinachotazama soko la Gakoromone. Mwalimu Ndwiga alifanyia kazi nyumbani kwake Embu, mtaa wa Majimbo. Kilichoiva kwa mmoja, kwa mwingine kilikuwa bado kibichi.

Dawa yake waliijua: mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta halisi. Wangetengeneza moja, kila mtu apewe nakala, wote wafanyie kazi humo kama wapishi wa jiko moja. Ilibaki kuchagua programu ya kuiendesha, na hapo ndipo walipokwama.

Abdiweli, aliyekuwa mchoraji wa kurasa zao zote, alishapata aliyoipenda. "Hii hapa," alisema akigeuza skrini. "Dirisha safi. Unabonyeza, inawaka. Unabonyeza, inazima. Hata mamangu anaweza."

Kajuju naye aliipenda. Wakampigia Ndwiga.

"Hiyo hapana," Ndwiga alisema. "Tuchukue ile inayoendeshwa kwa kuandika amri."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ni bora."

"Bora kivipi?"

Ndwiga akasema, "Basi fanyeni mnavyotaka," na simu ikakatika.

"Wazee na vitu vipya," Abdiweli alisema, akacheka kidogo.

Kajuju hakucheka. Ndwiga ndiye aliyemfundisha kompyuta chuoni, na hadi leo hakuweza kumwita kwa jina tupu, ingawa sasa yeye ndiye aliyeongoza kazi. Ndwiga hakuwa mtu wa kuogopa kitu kipya. Lakini siku hizi alikuwa amebadilika. Hakuwasha kamera wakizungumza. Ukimtumia picha ya kosa lililotokea, alijibu, "Niandikie maneno." Kajuju alikuwa amedhani ni uvivu; sasa hakuwa na hakika. Jumamosi akaenda Embu.

Mukami, mke wa Ndwiga, alimpokea mlangoni akamshika mkono kwa muda. "Afadhali umekuja. Mimi nimechoka kumwambia aseme."

Ndwiga alikuwa mezani, vidole vyake vikikimbia kwenye kibodi. Skrini mbele yake ilikuwa nyeusi.

"Mwalimu, stima imepotea?"

"Stima iko." Hakugeuka. "Ni skrini sijaiwasha. Ya nini?"

Alitoa kisikizi kimoja sikioni akakinyoosha upande ilikotoka sauti ya Kajuju. Kajuju alikivaa. Ndani mlikuwa na sauti inayosoma mbio kama mpiga mnada, neno kwa neno, kila alichoandika Ndwiga.

"Ni presha ya macho," Ndwiga alisema. "La kushoto limeenda. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hajaniahidi kitu."

Kajuju alivuta kiti akakaa.

"Sasa nikuonyeshe hilo dirisha lenu," Ndwiga akaendelea. Akaifungua programu ya Abdiweli, ambayo kumbe alikuwa ameiweka na kuijaribu. Sauti ilisoma jina la programu, kisha, alipoingia kwenye mashine pepe yenyewe, ikanyamaza. Alibonyeza huku na huku. Hakuna.

"Kwa hii sauti, yote yaliyomo mle ni picha tu," alisema. "Nilijaribu kuweka sauti nyingine mle ndani. Zikawa zinagombana, na kompyuta yangu ikachoka. Ile ya amri haina dirisha. Ni maandishi, na maandishi nayasikia."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeanza kunipunguzia kazi. Kwa wema tu. Kidogo kidogo, hadi nibaki wa kusalimiwa."

Kajuju alitaka kukana, lakini alijua ni kweli. "Basi tutachukua ile ya amri," akasema haraka.

"Usinihurumie, Kajuju. Ijaribuni kwanza. Ikiwashinda, mniambie kama watu wazima."

Ndwiga alimpigia Abdiweli yeye mwenyewe, Kajuju akiwa hapo hapo, akamweleza bila kuzungukazunguka.

"Nilisema wewe ni mzee," Abdiweli alikiri.

"Mzee ni mimi kweli. Sasa chukua kibodi, tuanze."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Abdiweli alikosea amri, na mara moja akafuta mashine yote akidhani anaizima. Alilaani kwa Kisomali, Ndwiga akamrudisha mwanzo kwa sauti ile ile ya darasani. Kajuju alijiuliza zaidi ya mara moja kama ni haki kumchelewesha mmoja ili mwingine asibaki nje. Alichoona ni kwamba Abdiweli anaweza kujifunza amri, na Ndwiga hawezi kujifunza kuona. Akaamua wabaki na ile ya amri.

Waliporudi Kianjai, programu ilifunguka. Muuguzi mkuu aliandikisha mgonjwa wa kwanza, mama mwenye mtoto mgongoni, na kazi ikaendelea kana kwamba haijawahi kukwama.

Baada ya siku chache, ofisini, Kajuju aliweka ile programu ya sauti anayotumia Ndwiga kwenye kompyuta yake. Akazima skrini, akafungua kurasa zao wenyewe, zile walizokuwa wakijivunia rangi zake, akaongeza sauti chumba kizima kisikie.

"Kitufe," ilisema. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Abdiweli aliinua uso. "Kitufe cha nini?"

"Haisemi. Hatukuvipa majina."

Abdiweli alisikiliza tena, mkono shavuni, kisha akavuta kiti chake karibu. "Tuanzie kile cha kuandikisha mgonjwa," akasema.