Kalamu ya Baba Hailazwi

Baba alipokuwa hai, kalamu yake haikulazwa mezani hata siku moja. Ilisimama ndani ya gilasi juu ya kabati, au mfukoni mwa shati lake.

"Ukiilaza inalia," aliniambia. Alimaanisha inavuja wino.

Baba alikuwa karani wa reli Nairobi, na kalamu hiyo alipewa na Mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini, siku Mzungu huyo aliporudi kwao. Ilikuwa kalamu ya bei kali, ya kujazwa wino, nibu yake ya dhahabu. Mwili wake wote ulichorwa anga la usiku, la buluu, nyota zikizunguka kama maji yanayoingia shimoni. Baba alisema picha hiyo ilitoka kwa mchoraji mmoja wa Ulaya, maarufu dunia nzima, aliyekufa hana kitu.

"Leo matajiri wanabeba anga lake mfukoni," alisema, akacheka. "Na Simiyu wa mtaa wa Jericho pia."

Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipofariki. Sikuwa mtu wa kuongea. Lakini mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, mimi ndiye niliyeijaza kalamu kila Jumapili kabla ya kanisa. Amondi, mke aliyemwoa baadaye, alitutazama kutoka jikoni.

"Nyinyi na hiyo kalamu! Utadhani mnanyonyesha mtoto."

Baba alikufa Agosti, mwaka wa tisini na sita, kwa ugonjwa wa tumbo. Ndugu zake wakajaa nyumbani. Aliyeongoza matanga ni baba mdogo Caleb, wa mtaa wa Tassia. Hakumpenda Amondi, kwanza kwa kuwa ni Mjaluo, si wa kabila letu, tena hakuzaa. Walinong'ona kwamba amemlisha baba kitu. Ila hawakuwa na sababu ya kumzuia kwenda kwetu Bungoma kumzika mumewe.

Asubuhi ya safari Caleb aliniagiza nipeleke suti ya baba mochari.

"Na kalamu yake, Nakhumicha. Karani lazima aonekane karani."

Nikaijaza wino, nikaichomeka mfukoni mwa shati la suti. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Baba hakuwahi kutoka nje na kalamu tupu.

Jeneza lilifunguliwa mbele ya mlango wetu ili majirani wamuage. Mzee Ondiek, aliyefanya naye kazi reli, akainama.

"Simiyu, hata huko unaenda na kalamu? Basi Petro wa mbinguni apumzike kuandika, karani amefika."

Watu wakacheka huku wakilia. Kisha Ondiek akainama zaidi.

"Jamani. Hii ni nini?"

Juu ya shati jeupe, upande wa moyo, doa la buluu lilikuwa limetanda, kubwa kama kiganja.

Mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Ni sumu!" Caleb akasema. "Inatoka yenyewe! Ndugu yangu anatuonyesha aliyemuua." Akamnyooshea Amondi kidole. "Huyu hapandi basi letu."

"Shemeji, nimemuuguza mume wangu mpaka pumzi ya mwisho..."

"Usiniite shemeji!"

Nikasogea karibu na jeneza.

"Ni wino," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Baba mdogo, ni wino. Niliijaza mimi, na sasa imelala."

"Nyamaza, mtoto! Unajua nini wewe?"

Nikatia mkono ndani ya jeneza. Watu wakarudi nyuma. Shati lilikuwa baridi na bichi. Nikachomoa kalamu, nikaifungua, nikaandika kiganjani mwangu jina la baba, polepole, kwa herufi zangu kubwa. Kisha nikamwinulia Caleb mkono.

Rangi ilikuwa ile ile.

"Caleb," Mzee Ondiek akasema, "mwache mama wa watu apande."

Caleb akatazama pembeni. Hakumwomba Amondi msamaha.

"Fungeni. Tunachelewa."

Amondi alipanda, akakaa nyuma kabisa. Hakuna aliyekaa karibu naye, nikaenda mimi.

"Kalamu iko wapi?" akaniuliza.

"Nimemrudishia. Nimemwaga wino wote kwanza."

Akashika kiganja changu, akakifunga ndani ya chake ili jina lisifutike. Mbele, shangazi zangu walianza wimbo wa safari. Hakuna aliyegeuka kututazama. Kila basi liliporuka shimo, niliwaza ile kalamu huko chini ya basi, ndani ya jeneza la baba, imelala kifuani pake, haina tena cha kulia.